Nunua deki kwa ajili ya kanda, si kanda kwa ajili ya deki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Jumapili jioni mpwa wangu alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akaniambia amepata mashine ya LaserDisc, ile ya zamani ya kuchezea filamu zilizo kwenye diski kubwa. Mwenye mali anaiuza pamoja na maboksi mawili ya diski na anataka jibu kesho yake asubuhi. "Mjomba, wewe ndiye fundi wetu. Ninunue, nisinunue?" Nilimjibu kwa dakika mbili, simu ikaisha, na usiku ule nikawa naona sikumtendea haki. Vijana wengi wanauliza swali hilo siku hizi. Wapo wa kanda za video za VHS, wapo wa zile za Betamax zilizoshindana nazo, wapo hata wa HD DVD, diski iliyoshindwa na Blu-ray. Muuzaji anawaambia ni dhahabu, jirani anawaambia ni takataka. Mimi nafungua deki tangu mwaka 1988 na sikubaliani na yeyote kati ya hao wawili.

Msimamo wangu ni huu. Kama una kanda ambazo kilichomo ndani yake hakipo mahali pengine popote, nunua deki, tena usichelewe. Kama huna hata moja, na unanunua mashine ndipo uanze kutafuta cha kuiwekea, acha.

Watu hudhani kinachotangulia kufa ni kanda. Kwenye meza yangu ya kazi naona kinyume chake. Kanda ya VHS iliyokaa mahali pakavu miaka thelathini mara nyingi bado ina picha. Deki iliyokaa kando yake miaka hiyo hiyo haiwezi hata kuimeza. Mikanda ya mpira imelegea, au imeyeyuka ikawa kama lami. Grisi imekauka, gia za plastiki zimepasuka, roli la mpira linalovuta utepe limekuwa gumu na linang'aa, kapasita za upande wa umeme zimevimba. Yote hayo yanatengenezeka. Hedi, yaani kile kichwa kinachosoma utepe, ikilika ndipo kazi inapokuwa nyingine, maana nalazimika kuitoa kwenye deki iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Sony iliacha kutengeneza deki za Betamax mwaka 2002, na kanda zake Machi 2016. Pioneer ilitangaza mwisho wa mashine za LaserDisc Januari 2009. Funai ya Japani, inayojulikana kuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilifunga kazi hiyo Julai 2016. Kwa hiyo kila mashine inayouzwa leo ni iliyobaki, na kila nikifufua moja huwa nimeshachinja nyingine.

Nieleze kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifundisha thamani ya deki kuliko kingine chochote.

Mama mmoja aliniletea kanda ya mahafali yake ya ualimu. Kaka yake ndiye aliyepiga picha, kisha akaihamishia kwenye kanda ile kwa deki ya nyumbani kwao. Mama huyo alikuwa ameshapita kwa mafundi watatu, na wote walimwambia kanda imekufa, kwani kwenye kioo kulikuwa na chenga tupu. Nikaiweka, nikasikia sauti. Sauti safi kabisa, watu wanapiga makofi, mtu anasoma majina, na picha hakuna. Hapo nikajua kanda ni nzima.

Kwenye VHS sauti ya kawaida huandikwa pembezoni mwa utepe kwa mstari ulionyooka. Picha haiandikwi hivyo. Huandikwa kwa mistari ya kulala mshazari, na hedi zilizobebwa na ngoma ya kipenyo cha milimita 62 inayozunguka mara 25 kwa sekunde katika PAL, mmoja wa mifumo ya picha za televisheni. Utepe wenyewe unatambaa polepole, milimita 23 na ushei kwa sekunde. Upana wa kila mstari haufiki sehemu ya ishirini ya milimita moja. Sasa, deki ikianguka, au mkono usiojua ukizungusha zile nguzo mbili zinazouongoza utepe, deki hiyo itaandika mistari kwa mwinamo wake yenyewe. Itaisoma bila shida. Deki nyingine zote zitapita pembeni ya mistari na kuonyesha chenga. Kanda ya yule mama iliandikwa na deki ya namna hiyo, na deki yenyewe ilikuwa imetupwa zamani.

Nilichukua deki yangu moja, nikatia alama za kalamu pale nguzo zilipokuwa zimesimama, nikaanza kuziharibu kwa makusudi. Nazungusha bisibisi kidogo sana, naangalia kioo, nazungusha tena. Saa zilikwenda. Ilipokaribia usiku wa manane, chenga zikaanza kusafika kutoka chini kwenda juu, na nikaona safu ya wasichana waliovaa majoho wamesimama juani, mmoja ameziba macho kwa cheti chake. Nilinakili kanda nzima mara moja, nikaihifadhi, ndipo nikarudisha nguzo. Deki ile ilinichukua siku mbili kuiweka sawa tena.

Kwa kazi ya namna hiyo deki ya zamani ina thamani isiyo na mjadala. Picha za mahafali yale zilikuwa kwenye utepe ule mmoja tu. Filamu ya sinema iliyotolewa kwa maelfu ya nakala si mali ya aina hiyo, na hapo ndipo naona vijana wanachanganya.

Tuangalie basi filamu. Mafundi wakipima undani wa picha, VHS hutoa mistari kama 240 (si ile ya mshazari kwenye utepe), LaserDisc zaidi ya 400. DVD inazipita zote mbili, na Blu-ray, diski iliyokuja baada ya DVD, yenye pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, iko mbali nazo kabisa. Ukiunganisha deki ya VHS na televisheni bapa ya leo utasikitika. Televisheni hiyo ina idadi maalumu ya pikseli, kwa hiyo inalazimika kuivuta picha ndogo hadi ijaze kioo kikubwa, na kila kasoro inavutwa pamoja nayo. Pia haipendi picha inayoyumba, na picha ya kanda huyumba kidogo kila mstari kwa sababu utepe unanyooka na kulegea. Televisheni ya chogo ilivumilia yote hayo. Ndiyo maana mtu anakumbuka kanda zilikuwa nzuri, na hakosei, kwa kuwa alizitazama kwenye kioo kilichotengenezwa kwa ajili yake. Atakayenunua deki leo ajue ananunua na televisheni ya chogo, nayo ni nzito, ni nadra, na haitengenezwi tena. Matundu yale ya njano, nyeupe na nyekundu nayo yanatoweka kwenye televisheni mpya. Vikasha vya kubadilishia vipo, lakini vingi vya bei ya chini vinaipondaponda picha.

LaserDisc naipenda. Naandika wazi hivyo kwa sababu mpwa wangu alidhani naidharau. Iliingia sokoni Marekani Desemba 1978, karibu miaka ishirini kabla ya DVD kufika huko. Diski yake ina upana wa sentimita 30, sawa na santuri kubwa. Inasomwa kwa mwanga wa leza, ila picha yake si ya kidijitali kama wengi wanavyoamini. Ni ya analogi, imeandikwa kwa urefu na nafasi za vishimo vidogo. Diski za aina ya CAV, zinazozunguka kwa kasi moja mwanzo hadi mwisho, katika NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani, zinabeba dakika 30 kwa upande, nazo ni picha 54,000, kila moja na namba yake. Ukisimamisha picha ya 31,207, inasimama imetulia kabisa bila chenga hata moja. Deki ya kawaida ya kanda haikuweza hivyo. Kampuni ya Criterion ilianzia kwenye LaserDisc mwaka 1984, na hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu wa kuweka sauti ya pili ambamo mjuzi anaieleza filamu huku wewe unaitazama. Baadhi ya maelezo yale hayakutolewa tena kwenye DVD. Kuna filamu ambazo mchanganyiko wake wa sauti wa mwanzo unapatikana kwenye diski hizo, na matoleo ya baadaye yakabadilishwa. Mpenzi wa sinema anayetafuta kitu cha namna hiyo, na anajua jina lake, simkatazi.

Mimi nina diski 22. Nilitaka tatu, hizo nyingine zilikuja na mashine. Mbili kati ya zote zimeanza kuoza. Diski ya LaserDisc ni pande mbili zilizogundishwa pamoja, na ndani kuna utando mwembamba wa aluminiamu. Gundi ikiwa mbaya, au hewa ikipenya, aluminiamu inaoksidika. Mwanzoni unaona nukta zinazometameta kwenye picha kama vimulimuli, wachache. Mwaka mwingine ni wengi. Mwishowe picha inapotea. Kanda iliyokatika naiunga, kanda iliyokunjika nainyosha, gamba lililopasuka nalibadilisha. Diski iliyooza sina la kuifanyia, na uozo wa namna hiyo mara nyingi unaanzia kiwandani, hautegemei sana umeitunza vipi.

Nilimwambia mpwa wangu anisomee majina yaliyoandikwa kwenye makasha. Akasoma kumi na mawili ya juu. Yote kumi na mawili yapo kwenye Blu-ray, na picha yake ni bora mara nyingi. Hapo dakika zangu mbili za simu ndipo zilipoishia, nikamwambia aache.

Kwa mtu anayeamini kwamba kitu kilichohifadhiwa kwa mashine ya kisasa ya wakati wake kimehifadhika, kuna kisa cha Uingereza ambacho kila fundi wa diski hizi anakijua. Mwaka 1986 BBC ilitengeneza diski mbili za LaserDisc zilizobeba picha, ramani na maandishi juu ya maisha ya nchi nzima. Watu zaidi ya milioni moja walichangia, wengi wao watoto wa shule. Ilikuwa ni kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la ardhi na mali lililoandikwa kwa mkono mwaka 1086. Kabla ya miaka ishirini kupita, wataalamu walikuwa wanahangaika kuzisoma diski zile, kwa kuwa mashine na kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili yake zilikuwa karibu zimekwisha. Ilibidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan watengeneze programu ya kuigiza ile kompyuta ya zamani. Daftari la 1086 lipo, na anayejua Kilatini anaweza kulisoma.

Nirudi kwa vijana, maana kuna hoja yao moja ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Wanasema filamu za kutazama kwa intaneti zinaondolewa bila taarifa, leo unayo, kesho haipo. Ni kweli. Kanda iliyo kabatini haiombi ruhusa ya mtu. Lakini hata hapo ni lazima kuangalia unanunua nini. Mwaka 1998 huko Marekani kulitolewa diski zilizoitwa DIVX. Ulinunua diski, unaitazama kwa saa 48, ukitaka tena unalipa, na mashine yako inapiga simu kampuni kuandikisha. Hata waliolipa zaidi ili waitazame bila kikomo walitegemea simu ile ile. Biashara ilisimamishwa mwaka 1999, na katikati ya 2001 mfumo ukazimwa. Diski zikabaki mikononi mwa wenyewe, hazichezi. Kama shida yako ni kumiliki filamu isiondoke, nunua DVD au Blu-ray. Mashine zake bado zinapatikana, na mashine ya Blu-ray inasoma na DVD. Kwa hilo huna haja ya kwenda nyuma hadi kwenye kanda.

HD DVD sitaitumia wino mwingi. Ilitoka mwaka 2006, Toshiba ikaiacha Februari 2008, na filamu zake karibu zote zilikuja kutolewa kwenye Blu-ray. Ile CED ya RCA, iliyosoma picha kwa sindano inayogusa diski, iliingia sokoni 1981, na utengenezaji wa mashine zake ukakoma 1984. Kila ukiitazama diski inalika. Video 2000 ya Philips na Grundig, ambayo kaseti yake iligeuzwa upande wa pili kama kaseti ya muziki, ilikuwa kazi nzuri ya uhandisi, na nimeigusa mara mbili tu maishani mwangu. Hizo waachiwe wenye makumbusho.

Sasa kwa yule aliye na sababu ya kweli ya kununua. Muuzaji akikwambia "inawaka", hajakwambia kitu. Taa kuwaka ni kazi ya upande wa umeme tu. Mtake aoneshe deki inameza kanda, inacheza walau nusu saa, inapeleka mbele, inarudisha nyuma hadi mwisho, na inaitema kanda bila kuacha utepe ndani. Uliza mfumo. Kanda iliyorekodiwa kwa NTSC haitaonyesha picha sawasawa kwenye deki ya PAL peke yake, na LaserDisc nyingi duniani ni za NTSC. Uliza umeme pia, kwa sababu mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, na ukiichomeka kwenye volti 230 utasikia mlio mmoja tu. Mpwa wangu hakuwa ameuliza hata moja kati ya hayo. Na siku ya kwanza, jaribu kwa kanda usiyoijali. Deki mbovu inatafuna, na haichagui.

Ukungu nao uangaliwe. Tazama kidirisha cha kaseti kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe au kijivu juu ya mzingo wa utepe, usiiweke kwenye deki yoyote. Vumbi lile linashika kwenye hedi, na kutoka hapo linakwenda kwenye kila kanda utakayoiweka baadaye. Nimepokea makusanyo yaliyoharibiwa na kanda moja. Kwa sababu hiyo hiyo siwaelewi wanaonunua kwenye minada kanda ambazo bado zimefungwa nailoni ya kiwandani, wakingoja zipande bei. Utepe ulio ndani ya nailoni unazeeka kama mwingine wowote, na hakuna aliyeufungua kuangalia.

Deki ikishapatikana, kazi yake ni kunakili. Wenye uwezo watafute deki ya S-VHS, ile VHS ya daraja la juu, yenye kile kifaa cha kunyoosha muda wa mistari ya picha, kinachoitwa TBC, kwa sababu kompyuta nazo, kama televisheni bapa, hazipendi picha inayoyumba. Irudishe kanda nyuma hadi mwanzo, icheze mara moja, inakili, ihifadhi nakala mahali pawili. Kanda yenyewe usiitupe. Watu wanatupa kanda wakishapata faili, na mwaka unaofuata wanakuja kwangu na diski ya kompyuta iliyokufa. Kanda isimamishwe wima kama kitabu, mbali na spika na mbali na unyevu.

Mpwa wangu aliniuliza, kabla hatujaagana siku ile, kama kweli namnyima raha. Nikamuuliza zile kanda za baba yake ziko wapi. Marehemu shemeji yangu alikuwa na kamera kubwa ya begani, na kwenye kila sherehe alikuwa nyuma ya kamera hiyo, kiasi kwamba hakuna picha yake hata moja ya miaka ile. Kijana akanyamaza kidogo, akasema zipo juu ya kabati la mama yake, hajui ngapi, na hazijachezwa tangu deki ya nyumbani ilipokufa.

Aliniletea jana. Ni saba. Tano zina maandishi ya shemeji kwa kalamu ya wino wa bluu, mbili hazina kitu. Nimeshazirudisha nyuma nne, na ya kwanza inacheza vizuri. Katikati kuna mahali kamera imewekwa mezani ikasahauliwa inaendelea kurekodi, na dakika nzima anayeonekana ni yeye, amekaa, anafuta jasho, anaongea na dada yangu. Moja kati ya zile zisizo na maandishi ina unga mweupe kwenye kidirisha. Hiyo nimeitenga kwenye boksi lake yenyewe, na kesho naifungua gamba.

Msomaji wako,
Fundi wa deki